Nilivyoyasingizia Mafuta ya Shangazi

Niliungua jua. Sentensi yenyewe ina maneno mawili tu, lakini imenichukua miaka mingi kuiandika. Mbele ya watu wa kwetu nililikana jambo hili kwa wiki saba. Mbele ya watu wengine wote, wakiwemo wasomaji wanaonivumilia, nimelikana mpaka leo asubuhi. Kuna wakati niliandika makala nzima kuhusu Wazungu na kofia zao, nikawacheka aya tatu mfululizo, na wakati nikiwacheka nilikuwa na baka kwenye bega la kushoto, jeupe kidogo kuliko ngozi inayolizunguka. Anayeniuliza humwambia ni alama ya chanjo. Si alama ya chanjo. Chanjo yangu iko mkono wa kulia.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa nasoma chuo kikuu, kule Kampala, na nilikuwa nimerudi nyumbani likizo ndefu. Kijiji chetu kiko juu, Upare ya Kusini, mahali ambapo ukungu huingia mpaka jikoni bila kubisha hodi, na watu huota moto hata katika mwezi ambao kule chini Same wanatafuta upepo kwa kujipepea na vifuniko vya masufuria. Mtu wa milimani analijua jua kama anavyomjua jamaa wa mbali: wanasalimiana, hawakai pamoja. Kwa upande wangu, hata salamu zilikuwa zimepungua. Miaka miwili nilikuwa nimeshinda maktaba.

Tuliishi kiwanja kimoja na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa amefiwa na mume akarudi kwao. Kazi yake ilikuwa mafuta ya nyonyo. Alizianika mbegu, akazikaanga kidogo, akazitwanga, akazichemsha, kisha akakaa mbele ya chungu na upawa, akiyaengua mafuta yaliyoelea kwa utulivu wa mtu anayesoma. Harufu yake si ya kusifiwa. Niliporudi na koti langu Kampala muhula wa kwanza, mwenzangu wa chumbani aliuliza kama kuna kitu kimefia mfukoni.

Lakini kwetu mafuta yale yalikuwa na cheo. Mtoto akizaliwa, mtu wa kwanza kumpaka mafuta baada ya kuoshwa ni shangazi wa mama yake. Humpaka kuanzia utosini mpaka nyayo, akimtajia majina ya waliomtangulia, na mpaka hapo wageni hukaa nje kimya. Shangazi yangu hakuzaa. Hata hivyo, watoto wengi wa upande wetu wa mlima walipita kwenye viganja vyake, kwa sababu hata wenye shangazi zao wenyewe waliomba mafuta yake. Na mwaka ule dada yangu, aliyeolewa Makanya, alikuwa na mimba ya kwanza. Shangazi alikuwa amejaza chupa maalumu, akaifunga kwa gunzi na kitambaa, na akaiweka juu ya kabati ambako hakuna mtu aliyeruhusiwa hata kuitazama kwa muda mrefu.

Sasa nije kwenye jua.

Masika ilikuwa bado. Pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ilipigwa, na kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu wa kwenda kuchimbua mfereji wa mashamba ya chini, uliokuwa umejaa mchanga. Msaragambo haukuwa na msamaha kwa msomi wala mgonjwa wa uvivu. Nyumba isiyotoa mtu ilisemwa mpaka msimu mwingine. Kaka yangu alikuwa mbali kikazi, baba mgongo ulikuwa unamsumbua. Nikasema nitakwenda mimi. Nilitaka watu waone kwamba chuo hakijaniharibu. Ni nia mbaya sana ya kushikia jembe, lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

Asubuhi shangazi aliniita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hebu njoo hapa. Umepauka kama mjusi wa ukutani. Chuoni kwenu hakuna mafuta?"

"Kuna vitabu."

"Vitabu havipakwi. Geuka." Akanipaka shingo, mabega, mgongo, mpaka chini ya nguo, kwa mikono yake migumu yenye joto. "Ukifika chini ujitande kanga. Mafuta si nguo."

Mama naye alinitazama nilipotoka. Nilikuwa nimevaa gauni nililolinunua Kampala, lisilo na mikono, lenye mikanda miwili mabegani yenye upana wa vidole vitatu.

"Hiyo nguo au shimizi?"

"Gauni, mama. Kampala ndilo wanalovaa."

"Kampala wanachimba mifereji?"

Akanipa kanga. Niliichukua kwa adabu, na tulipopita kona ya kwanza nikaikunja na kuiweka kwenye kikapu cha viazi.

Tulishuka mwendo wa saa tatu nzima. Kadiri tulivyoshuka, ndivyo ukungu ulivyobaki nyuma, mpaka tukafika kwenye michongoma na udongo mwekundu, na jua likatupokea kama mdai. Tulichimba tangu saa nne asubuhi. Wanawake wenzangu walikuwa wamejifunika vichwa na mabega, na walionekana kwangu kama watu wa zamani. Mimi nilikuwa mtu wa kesho, mabega nje.

Kama saa sita alikuja Bwana Shamba, Mzungu kijana, kukagua mfereji. Alikuwa mwekundu kuanzia shingoni hadi masikioni, na pua yake ilikuwa inabambuka vipande vipande kama karatasi ya ukutani. Alipoondoka, bibi mmoja alisikitika.

"Maskini. Mama yake angemwona."

Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kuharibu mambo. Nilikuwa nimesoma baiolojia mihula miwili. Nikaegemea jembe, nikawaeleza wanawake wale habari za rangi ya ngozi: kwamba Mzungu hana kinga, kwamba sisi tunayo, kwamba jua kwa mtu mweusi ni kama mvua juu ya bata. Nilisema, na maneno haya nayakumbuka kwa uhakika unaoniuma, "Sisi Mungu ametupa mwavuli ndani ya ngozi. Mtu mweusi haungui jua."

Mwanamke aliyekuwa chini ya mfereji, mwenye koleo, alinitazama juu.

"Basi ufunge mwavuli wako, msomi wetu, utupishe mchanga."

Walicheka sana, na mimi nilicheka nao, kisha nikachimba mpaka saa tisa bila kanga ili kuthibitisha hoja.

Kesho yake sikuweza kuvaa blauzi. Ngozi ya mabega na mgongo wa juu ilikuwa imekaza, kana kwamba mtu ameniazima ngozi ya mwenye umbo dogo. Ilikuwa na joto la kikaango. Haikuwa nyekundu kama ya Bwana Shamba. Ilikuwa imezidi weusi, weusi mkavu wa sufuria, na juu ya bega la kushoto yalikuwa yametokea malengelenge madogo kama punje za mtama. Ngozi yetu haitangazi kwa rangi. Hilo halikuwamo katika mihula miwili ya baiolojia, au lilikuwamo siku niliyosinzia.

Mama alinigusa, nikaruka.

"Jua hilo," alisema.

Mlangoni alikuwa amesimama jirani yetu, aliyekuja na kigae kuomba moto wa kuwashia jiko lake. Jana alikuwa nami mfereji ule ule, na alikuwa amesikia somo langu lote. Alinyanyua nyusi.

"Jua gani, mama!" nikasema. "Ni mafuta. Mafuta ya shangazi yameniunguza."

Sijui yalitoka wapi maneno hayo. Au najua. Yalikuwa karibu, na mwenye mafuta hakuwapo. Jirani aliinama jikoni, akachukua makaa yake mawili, akasema, "Pole, msomi wetu," na akaondoka na moto na habari. Kabla uji haujaiva, nyumba ya nne ilikuwa imefikiwa na vyote viwili.

Shangazi alikuja mwenyewe. Sikujua kama ameshasikia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Lala kifudifudi."

Alitazama mgongo wangu muda mrefu. Kisha akaweka kidole pale ulipokuwa umepita mkanda wa gauni. Chini ya mkanda ngozi ilikuwa nzima, laini, yenye rangi yake, mstari wa vidole vitatu ulionyooka kama umechorwa kwa rula. Nje yake pande zote imeungua.

"Hapa pia nilipaka," alisema.

Basi. Mimi niliyefundishwa kupima ushahidi, niliyepata alama nzuri kwa kukosoa hoja za wengine, niligeuza uso ukutani nikasema labda mafuta yalikorogeka na jasho.

"Labda," alisema shangazi, akatoka kwenda kutafuta maji.

Naomba niandike alivyoniuguza, kwa sababu tangu hapo sijapata njia bora, na nimezisoma nyingi. Kwanza hakuleta mafuta. Mama alitaka anipake, akazuia: "Leo hapana. Mafuta juu ya ngozi yenye moto ni kukaanga." Alileta maji ya mfereji wa juu, ya baridi lakini si ya kuumiza, akaloweka kanga kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama sikio la mbuzi, akaikamua nusu na kuitandaza mgongoni. Hakusugua. Ilipopata joto aliitoa, akailoweka tena. Alifanya hivyo tangu asubuhi mpaka kuku walipoanza kurudi, akisimama tu kuninywesha maji na uji mwepesi. "Jua linakunywa," alisema. "Lazima urudishe." Nilisema si jua. "Chochote kile," alisema, "kimekunywa."

Siku ya pili alileta jani la shubiri kutoka kwenye uzio wake. Hakulipasua palepale na kunipaka, kama nilivyoona watu wengi wakifanya baadaye. Alilikata, akalisimamisha kwenye bakuli mpaka yale maji ya manjano yakachuruzika yote, maana alisema hayo huwasha. Ndipo akalichana, akatoa ute mweupe wa ndani na kuuweka juu ya ngozi bila kuukandamiza. Nilihisi kama mtu amefungua dirisha mgongoni.

"Na haya malengelenge usiyapasue. Hiyo ngozi ya juu ndiyo bandeji yake. Hakuna utakayopewa hospitali inayokaa vizuri zaidi."

Mama, ambaye aliamini kwamba dawa isiyo na chupa ni chakula, alinunua zahanati ile dawa ya maji ya rangi ya waridi ya kutuliza muwasho. Nayo ilisaidia, ila juu ya ngozi yangu ilikauka ikawa kama ukuta unaosubiri chokaa. Nilikwenda nayo kisimani mara moja tu. Watoto walinifuata mpaka nyumbani wakiniuliza lini nitapauliwa.

Kufika siku ya saba maumivu yalikuwa yamekwisha, na muwasho ukaanza. Ngozi ilianza kubambuka kwa vipande vya rangi ya majivu. Shangazi aliniambia niiache ianguke yenyewe. Sasa ndipo aliponiruhusu mafuta, kidogo, jioni, ili isikauke. Nilitii kila mahali isipokuwa bega la kushoto, ambako nilikuta kipande kimening'inia, nikakivuta kwa raha isiyosemeka, kikaja na ngozi iliyokuwa haijawa tayari. Ndilo lile baka la chanjo.

Kwa hiyo nilipona. Huwezi kusema nilipata shida kubwa. Nililala kwa tumbo siku nne, nikalishwa, nikasomewa magazeti ya zamani na mdogo wangu aliyeruka maneno magumu, na mlimani kulikuwa na ndizi mbivu na ukungu wa baridi usioniomba chochote. Nilikuwa na raha nisiyoistahili.

Aliyekuwa anaumia ni mwingine. Jumamosi shangazi alikwenda soko la Myamba na chupa zake kumi na mbili akarudi nazo zote. Jumamosi iliyofuata, vilevile. Mwanzoni alicheka: "Leo Myamba wote ngozi zao zimelowana." Kisha akaacha kucheka, na akaacha kwenda. Bibi harusi mmoja wa mtaa wa juu alipakwa mafuta ya kopo ya dukani, akanukia maua. Mtoto alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na shangazi, aliyekuwa amevaa tayari, alikaa kwenye kigoda chake mpaka adhuhuri bila kuitwa. Neno langu lilikuwa na uzito ambao halikuustahili. Angelisema mwanamke yeyote mwingine, watu wangebishana. Lakini alilisema mtu wa chuo kikuu. "Msomi mwenyewe kasema."

Nilijaribu kutubu. Nilijaribu mara tatu, na kila mara nilianza kama ninavyoanza makala, kwa utangulizi.

"Shangazi, unajua mambo ya ngozi yana pande nyingi..."

"Nipe huo upawa."

"Na mtu anaweza, kwa haraka, kusema jambo ambalo baadaye akilitazama..."

"Mafuta yanamwagika, mwanangu. Upawa."

Kweli ni kwamba nilikuwa namwonea aibu mwanamke wa koleo kuliko nilivyokuwa namwonea huruma shangazi. Nikimwambia shangazi, atasema; akisema, mfereji mzima utajua kwamba mwavuli wangu ulivuja.

Kisha ikaja barua kutoka Makanya. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa karani wa stesheni, na aliandika kwa mwandiko wa kikarani wenye mikia. Shangazi hakujua kusoma. Barua zote za nyumbani nilipokuwapo likizo nilizisoma mimi, kwa sauti, na watu wakikaa. Dada hajambo, miguu imevimba kidogo, siku zimekaribia. Halafu nikaona mstari wa chini kabla sijaufikia. Ningeweza kuuruka. Niliusoma, kwa sababu katika barua za watu wengine nilikuwa mwaminifu sana.

"Mama yangu anawasalimu, na anasema kwa heshima, mafuta ya huko yasiletwe. Mtoto atapakwa ya dukani, na shangazi asijisumbue na safari."

Baba alikohoa. Mama alitazama jiko.

"Soma tena hapo," alisema shangazi.

Nikasoma tena.

"Asijisumbue na safari," alirudia, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. "Sawa." Akainuka, akarudi kwenye mbegu zake, akaendelea kuzichambua, ingawa wote tulijua hakuna mtu wa kuyanunua mafuta hayo. Ile chupa ya juu ya kabati ilibaki pale. Mtoto huyo alikuwa mjukuu wa kwanza wa kaka yake. Asipompaka yeye, na wa pili hatampaka, na wa tatu. Kwetu mkono ukishaachwa nje hauitwi tena.

Siku yangu ya kuondoka ilifika kabla dada hajajifungua. Nilitakiwa kupanda gari moshi Same. Shangazi alisema atanisindikiza. Baba alimwambia njia ni ndefu kwa magoti yake. Alijibu kwamba magoti ni yake. Tulishuka kwa lori la mkaa mpaka Same, na nilipomsaidia kushuka niliona shingo ya chupa ikichungulia kwenye kikapu chake.

"Shangazi, si walisema..."

"Nimekuja kukusindikiza. Na nina ndugu hapa Same, nitakaa kwake siku mbili tatu. Huenda wakaniita."

"Na wasipokuita?"

"Nitarudi nyumbani. Lori linapanda pia."

Tukakaa kwenye benchi la stesheni. Jua la Same lilikuwa limeanza kupata nguvu, na safari hii nilikuwa nimejitanda kanga mpaka masikioni. Shangazi aliliona hilo, akatazama reli. Kando yetu kulikuwa na abiria kama thelathini: wanawake wa sokoni, Wamasai wawili na fimbo zao, na kwa bahati yangu mwanamke mmoja wa kijijini kwetu, aliyekuwa kwenye msaragambo ule ule, akienda kumwona mwanawe Moshi.

Stesheni masta alitoka ofisini, mtu mnene mchangamfu, akaangaza macho benchi hadi benchi.

"Nani hapa ana dada Makanya, mke wa karani?"

Nikainuka.

"Simu yako. Na iwe fupi, hii simu ya reli, si ya ukoo."

Simu ilikuwa ukutani, kando ya dirisha lililofunguka kuelekea abiria. Nilikuwa nimewahi kutumia simu mara mbili maishani. Ilivuma kama nyuki ndani ya debe.

"Shemeji!" ilikuwa sauti ya karani, mbali sana. "Amejifungua! Alfajiri! Mtoto wa kike! Wote wazima!"

Nikampigia kelele shangazi kupitia dirishani: wa kike, wazima. Akafumba macho, akafumbua. Abiria wakapiga vigelegele, maana habari njema haihitaji kuwa ya ndugu yako.

"Mama yuko hapa," alisema shemeji. "Anataka kukusalimu. Anasema hii simu ni bure, lazima aitumie."

Kukawa na mkwaruzo, kisha sauti ya mama mkwe wa dada, kali kiasi kwamba ingeweza kufika Same bila waya.

"Haloo! Wewe ndiye msomi?"

"Ndiye mimi, shikamoo mama!"

"Marahaba! Mbona unaongea chinichini kama mwizi? Mtoto ni mweupe kama ndizi! Nimetuma mtu dukani akanunue mafuta ya kopo. Tunampaka mchana huu."

Niligeuka. Kupitia dirisha nilimwona shangazi akiwa ameshika kikapu mapajani. Hakuwa anasikia upande wa pili wa simu. Alikuwa ananisoma usoni mimi, yeye asiyejua kusoma. Na katika maisha yangu sijapata utangulizi mfupi kama ule.

"Mama, msimpake ya dukani! Msubirini shangazi!"

"Nini?"

"Msubirini shangazi! Mafuta yake hayana ubaya! Hayakuniunguza!"

"Sisikii! Kama si mafuta, kilikuunguza nini?"

"Jua!" nikasema.

"Nani?"

"JUA!" Nilipiga kelele mpaka stesheni masta akaacha kuandika. "Niliungua jua! Nilivua kanga, nikachimba mchana kutwa mabega wazi, NIKAUNGUA JUA!"

Mmasai mmoja aligeuka kunitazama vizuri. Kisha yule mwanamke wa kijijini kwetu akaanza kucheka, kwanza ndani ya kanga yake, halafu bila kanga, akimshika jirani yake begani na kumweleza habari za mwavuli, na kicheko kikapita benchi hadi benchi mpaka kikawafikia wapagazi.

Kwenye simu kulikuwa na nyuki tu. Kisha mama mkwe akasema, polepole zaidi:

"Jua. Wewe. Na uliona shangazi yako anasemwa soko zima, ukanyamaza?"

"Nilinyamaza, mama."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu."

"Mh!" Nikamsikia akimweleza mtu pembeni, kisha mtu huyo naye akicheka, nadhani ni shemeji, kisha sauti ya mbali ikiagiza aliyetumwa dukani aitwe arudi upesi. Aliporudi kwenye simu hakuwa na habari na mimi tena. "Kuna basi la kuja huku saa ngapi?"

Stesheni masta, ambaye kufikia hapo alikuwa amesogea karibu kuliko kazi yake ilivyohitaji, akasema kuna basi saa sita, linapita sokoni.

"Saa sita, mama!"

"Basi apande hilo. Mtoto tunamwosha, hapakwi chochote mpaka afike. Huyo shangazi yako yuko karibu?"

"Yuko dirishani."

"Muulize anakula samaki, au nichinje kuku."

Nikatoa kichwa dirishani nikamuuliza. Shangazi alikuwa ameshasimama, kikapu mkononi, anakung'uta vumbi la benchi kwenye kanga yake.

"Kuku," alisema.